Uliza Tukujibu: Miti ya Safu na Nafasi Zake

Barua nyingi za toleo hili zinazunguka jambo moja: mtu ana mstari wa kupanda miti, hajui achague mti gani wala aache nafasi kiasi gani kati ya mche na mche. Tumechagua chache na kuzifupisha.

SWALI: Salaam wataalamu. Nina njia ya kuingilia nyumbani yenye urefu wa mita 94 na nataka miti ya kivuli pande zote mbili. Mtunza bustani anasema nafasi iwe mita 3, jirani anasema mita 10. Nani wa kumsikiliza, na ninunue miche mingapi?

JIBU: Huenda wote wako sahihi, kila mmoja kwa mti aliouwaza. Nafasi haitokani na ukubwa wa mche ulioushika mkononi bali na upana wa matawi ya mti huo ukishakomaa. Tafuta mti mzima wa aina unayoitaka, simama zinapoishia ncha za matawi upande mmoja, kisha pima hadi zinapoishia upande wa pili. Pima miti miwili au mitatu, maana mmoja huenda ulibanwa au ulikatwakatwa. Ukiacha nafasi sawa na upana huo, matawi yatagusana tu miti ikikomaa. Ukitaka njia ifunikwe juu kabisa, shuka hadi robo tatu ya upana. Ukitaka kila mti uonekane kwa umbo lake, ongeza robo.

Tuseme mti wako una upana wa mita 8. Ukigawa 94 kwa 8 unapata 11.75. Wengi hupanda hivyo hivyo kila mita 8 kuanzia mwanzo, wakifika mwisho wanabakiwa na kipande cha mita 6, na jicho la mpita njia huenda moja kwa moja kwenye hicho kipande. Wewe chukua namba kamili iliyo karibu, yaani nafasi 12, kisha gawa 94 kwa 12. Kila nafasi itakuwa mita 7.83 na hakuna atakayejua kwamba si 8. Miti itakuwa 13 kila upande, kwa sababu mwanzo una mti na mwisho una mti. Pande mbili ni 26. Ongeza moja ya kumi ya kurudishia itakayokufa, nunua 29.

Hesabu hiyo hubadilika kama ncha za njia zimezibwa na ukuta au geti. Hapo usianze na mti kwenye ncha. Anza nusu ya nafasi kutoka ukutani, na miti itakuwa 12 kwa nafasi 12. Safu inayozunguka uwanja na kurudi ilikoanzia nayo ina idadi ya miti sawa na idadi ya nafasi.

Wakati wa kupigilia vigingi, usipime kwa kuhamisha kijiti kutoka shimo hadi shimo. Kosa la sentimita 5 kila unapokihamisha huwa sentimita 60 baada ya mara 12. Tandaza futikamba kuanzia sifuri na usome moja kwa moja: 7.83, 15.67, 23.50, 31.33, 39.17, 47.00. Kigingi cha saba kinaangukia mita 47, ambayo ndiyo nusu kamili ya njia yako. Kisipoangukia hapo, rudia hesabu kabla hujashika sururu.

Ukitaka miti ya pande mbili itazamane sawasawa, vuka njia kwa pembe mraba: pima mita 3 kwenye mstari wako, mita 4 kuvuka, na kamba inayounganisha ncha hizo mbili iwe mita 5 kamili. Shina liwe angalau mita 2.5 kutoka ukingo wa njia, na matawi yanayoning'inia juu ya njia yaondolewe kidogo kidogo mti unavyopanda, hadi malori yapite bila kuyagusa, mita 4.5 inatosha.

SWALI: Nilipima kwa kamba, vigingi vikanyooka vizuri. Lakini baada ya kupanda, mstari umepinda hapa na pale. Nilikosea wapi?

JIBU: Hukukosea kupima. Tatizo ni kwamba ukichimba shimo unang'oa kigingi, na baada ya hapo katikati ya shimo ni makisio ya macho. Katika shimo la sentimita 60 mche unaweza kuhama sentimita 15 kwa urahisi.

Dawa yake ni ubao wa kupandia. Chukua ubao wa urefu wa mita 1.5, ukate pengo dogo kila ncha na jingine katikati kabisa, yote matatu yakiwa mstari mmoja. Weka pengo la katikati kwenye kigingi cha mti. Pigilia vigingi viwili vidogo kwenye mapengo ya ncha. Ondoa ubao pamoja na kigingi cha katikati, chimba shimo lako. Ukifika wakati wa kupanda, rudisha ubao kwenye vile vigingi viwili, na shina la mche likae ndani ya pengo la katikati. Mche utakuwa pale pale kilipokuwa kigingi. Hakikisha tu kwamba udongo unaotoa haufukii vigingi vya ncha. Umwage upande usio na ubao, wa juu rundo lake na wa chini rundo lake.

Ubao huo una faida ya pili ambayo kwetu ni kubwa kuliko ya kwanza: unaonyesha usawa wa ardhi. Shingo ya mche, pale mizizi inapoanzia, iwe usawa wa chini ya ubao au juu yake kwa sentimita 2 hivi, maana udongo uliochimbuliwa hushuka baada ya mvua.

Kamba nayo husukumwa na upepo. Mstari ukizidi mita 50, weka fito za kati, kisha simama nyuma ya fito ya kwanza, fumba jicho moja. Ukiona fito ya pili imechungulia pembeni, bado.

SWALI: Nilipanda safu mbili za misaipresi kukinga upepo, mita 1 kati ya mche na mche, safu zikitazamana. Sasa ina mita 6 na imefunga kabisa, huoni upande wa pili. Cha ajabu, mazao yaliyo karibu yako salama, ila kuanzia kama mita 50 hivi yanalala kana kwamba hakuna kinga. Niongeze safu ya tatu?

JIBU: Usiongeze. Tatizo lako ni kwamba safu imefunga mno. Upepo ukikuta kizuizi kisichopitisha hewa hurushwa wote juu, nyuma yake pakabaki hewa tulivu kwa umbali mfupi, kisha ule wa juu unashuka kwa kuzungukazunguka. Ndicho unachokiona: mita 50 ni kama mara nane ya kimo cha miti yako. Kinga nzuri hupitisha karibu nusu ya upepo. Hewa inayopenya taratibu katikati ya matawi huizuia ile ya juu isianguke kwa ghafla, na ulinzi wa maana hufika mara 10 hadi 15 ya kimo cha miti. Kwa miti ya mita 6 hiyo ni mita 60 hadi 90. Kipimo rahisi ni kusimama mbali kidogo na kuitazama safu mwanga ukiwa nyuma yake: sehemu zenye mwanga na zenye giza zikaribiane.

Kwa bahati, miche yako inatazamana. Ondoa mti mmoja kila baada ya mmoja: safu ya kwanza bakiza namba 1, 3, 5, na safu ya pili bakiza 2, 4, 6. Utapata mita 2 kati ya miti, ikiwa imepishana mtindo wa zigizaga, na hakuna pengo lililonyooka. Lakini usikate yote kwa mara moja. Miti iliyokua imebanana huwa na shina jembamba kwa kimo chake, na ikifunguliwa ghafla huangushwa na dhoruba ya kwanza. Anza na safu moja, subiri mwaka, kisha nenda ya pili. Kata chini kabisa. Kisiki cha msaipresi hakichipui. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu kuufungua kwa kupogoa hadi kwenye matawi makavu ya ndani, kwani tawi lisilo na majani ya kijani halitarudi.

Kuna mambo matatu zaidi ambayo wapandaji wa kinga za upepo huyasahau. Safu fupi haikingi kitu: upepo huzunguka ncha zake, hivyo urefu wa safu uwe angalau mara 10 ya kimo cha miti. Pengo la njia katikati ya safu hukaza upepo ukapita kwa kasi kuliko mahali pasipo na miti kabisa. Kama lazima njia ipite, ipitishe kwa mshazari. Na matawi ya chini yakifa, upepo hupenya kati ya mashina kwa kasi hiyo hiyo, kwa hiyo panda safu ya vichaka upande unaotoka upepo.

Anayeanza upya kwenye mchanga au karibu na bahari asihangaike: mivinje hustahimili chumvi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana huota mahali ambapo miti mingine inadumaa. Safu moja ya mivinje, mita 1.5 hadi 2. Safu mbili, mita 2 hadi 3 kati ya miti na mita 3 hadi 4 kati ya safu.

SWALI: Je, ni lazima safu nzima iwe mti wa aina moja?

JIBU: Si lazima, na kwa safu ndefu hatushauri. Vidukari wa misaipresi walipoingia Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, uzio na mashamba ya misaipresi yalikauka kwa wingi, kwa sababu mdudu alikuta chakula kimepangwa mti kwa mti. Ulaya na Amerika Kaskazini zilipoteza mielmu (miti mikubwa ya kivuli) ya barabarani kwa ugonjwa wa kuvu katika karne ya 20 kwa mtindo huo huo: mizizi ya miti jirani ya safu ilikuwa imeungana chini ya ardhi, na kuvu likapita humo kutoka mti hadi mti.

Mwaka 1990 Mmarekani Frank Santamour alipendekeza kanuni inayotumiwa na watu wa miti ya mijini: aina moja isizidi asilimia 10, jenasi moja (kundi la aina zilizo ndugu wa karibu) isizidi asilimia 20, familia moja (kundi la jenasi zenye undugu) isizidi asilimia 30. Kanuni hiyo ni ya mji mzima. Ukiilazimisha kwenye safu ya miti 20 utapata aina kumi za miti miwili miwili, na hiyo siyo safu tena, ni maonyesho.

Kwa safu, chagua aina mbili au tatu na uzipande kwa mafungu ya miti mitano hadi saba, ukibadilisha pale penye kona, geti au daraja, ambapo jicho linatarajia mabadiliko. Ukipenda kupishanisha mti kwa mti, hakikisha kasi ya kukua inalingana. Mkaratusi ukipishana na mwarobaini, baada ya miaka mitatu mwarobaini uko kivulini na umeinama kutafuta jua. Na hata kama ni aina moja, omba mbegu zilizochumwa kwenye miti mama mingi.

SWALI: Mpakani nina safu ya mgrevilea na mahindi yaliyo karibu nayo yamedhoofu. Nikate yote?

JIBU: Kwanza jua kinachoyaua mahindi ni kivuli au mizizi. Mahindi membamba, marefu, yaliyopauka na kuinamia nje ya safu yana kiu ya jua. Mahindi mafupi yanayonyauka saa za mchana kabla ya mengine shambani yananyang'anywa maji.

Kivuli hupunguzwa kwa kupogoa matawi ya chini hadi nusu ya kimo cha mti, hata theluthi mbili kwa mti mkubwa, ukiacha theluthi ya juu ifanye kazi. Mgrevilea huvumilia jambo hili vizuri kuliko miti mingi. Kata tawi karibu na shina bila kujeruhi ule mviringo uliovimba kwenye kiungo, na anza kwa kukata kidogo upande wa chini ili tawi likianguka lisichune gome.

Mizizi hudhibitiwa kwa mtaro mwembamba wa kina cha sentimita 50 hadi 60, mita 1 hadi 1.5 kutoka mashinani, uliochimbwa kabla ya kupanda mazao na kufukiwa hapo hapo. Chimba upande wa mahindi peke yake. Ukikata pande zote mbili mwaka mmoja, mti hauna tena kinachoushikilia.

Kwa wanaopanga safu mpya: karibu na ikweta, safu inayokwenda mashariki hadi magharibi hutupa kivuli kingi juu ya mstari wake yenyewe, wakati ile ya kaskazini hadi kusini hufagia mazao ya pande zote mbili asubuhi na jioni. Mbali na ikweta mambo hugeuka: huko safu ya mashariki hadi magharibi huacha ukanda wa kivuli usioondoka upande ulio mbali na jua. Nafasi ya kuanzia kwa mgrevilea wa mpakani ni mita 1.5, kisha matawi yakianza kukutana unaondoa kila wa pili na kubaki na mita 3. Wengi hufika hapo wakashindwa kukata kwa huruma, wakaishia na fito nyembamba zisizofaa kwa mbao. Kama unajijua una huruma hiyo, panda mita 3 tangu mwanzo. Ingia ndani ya mpaka angalau nusu ya upana wa matawi, na zungumza na jirani kabla ya kuchimba. Sheria za umbali hutofautiana mahali na mahali.

SWALI: Safu yangu ina miaka mitatu. Miti 15 imenyooka, 6 imedumaa ingawa mbolea ni ile ile. Kwa nini?

JIBU: Angalia kwanza kama ile sita imefuatana au imetawanyika, hilo litakuambia nusu ya habari.

Ikiwa imefuatana, tatizo liko ardhini. Chimba shimo la sentimita 60 jirani na mmoja wao, ulijaze maji, liache linywe, kisha lijaze tena. Maji yakiwa bado yamesimama kesho yake, hapo panatuama. Mgrevilea, msaji na mwarobaini havipendi kabisa mizizi kukaa majini, mzambarau huvumilia. Ukikuta sururu inagonga tabaka gumu kwenye sentimita 30 au 40, mizizi imesambaa juu juu na kiangazi huikuta hapo. Tabaka hilo livunjwe kabla ya kupanda, si baada.

Ikiwa imetawanyika, tatizo liko kwenye mche au kwenye mkono wa aliyepanda. Fukua taratibu kuzunguka shina. Shina linaloingia ardhini limenyooka mithili ya nguzo, bila kupanuka kuelekea mizizini, limefukiwa kupita kiasi, na gome lake huoza polepole. Ukikuta mzizi umelizunguka shina na kulikaba, mche ulikaa kitaluni muda mrefu mpaka mizizi ikajiviringisha ndani ya kiriba. Mzizi mmoja mwembamba unaweza kukatwa kwa patasi. Ukiwa mnene kama shina lenyewe, ng'oa uanze upya. Na usishangae kukuta kipande cha nailoni ya kiriba hakikuondolewa.

Mche uliopandwa kurudishia katika mwaka wa tatu hauwafikii wenzake, kwa sababu jirani zake wameshatwaa mwanga na maji. Kurudishia kufanyike msimu ule ule wa kupanda, au mwanzoni mwa msimu unaofuata. Baada ya hapo ni afadhali kuliacha pengo, majirani watalifunika.

SWALI: Ninunue miche mikubwa ili safu ionekane haraka?

JIBU: Hapana. Mche wa sentimita 30 hadi 45 wenye shina nene na mizizi myeupe ya kutosha huupita ule wa mita 1.5 uliobanwa kwenye kiriba kidogo. Chagua iliyolingana kimo, ambayo mizizi haijatoboa chini ya kiriba na kujishikiza ardhini. Muulize mwenye kitalu kama ameshaipunguzia maji na kuitoa kivulini. Isiyozoeshwa jua huungua majani wiki ya kwanza.

SWALI: Safu yangu itapita chini ya nyaya za umeme. Michikichi itafaa?

JIBU: Haifai. Miti ya jamii ya minazi ina kilele kimoja cha kukulia, na kikikatwa mti wote unakufa, kwa hiyo siku itakapofikia nyaya utakuwa huna la kufanya ila kuiangusha. Panda aina isiyozidi mita 5 ikikomaa, au isogeze safu pembeni kwa nusu ya upana wa matawi na mita 2 za ziada. Kwenye mashimo ya maji taka na misingi ya nyumba, mikaratusi na jamii ya mitini isikaribie chini ya mita 15.

SWALI: Shamba langu lina mteremko. Nafasi nipime juu ya ardhi au kwa usawa?

JIBU: Kwa usawa. Mmoja ashike futikamba iliyolala usawa, mwingine ashushe timazi hadi ardhini. Mstari wenyewe ufuate kontua, yaani sehemu za mteremko zenye kimo kimoja, hata kama utapinda; safu iliyonyooka kushuka mlima huwa mkondo wa maji ya mvua. Upande wa chini wa kila shimo jenga tuta la nusu duara lenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, na matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 10 yasiguse shina.